Homa ya jioni: nilivyojifunza kuishi na ugonjwa wa Still

Ungenikuta asubuhi ungeapa siumwi. Koo liliuma kidogo na vifundo vya mikono vilikaza, lakini joto la mwili lilikuwa la kawaida na ngozi safi. Jioni ndipo kazi ilipoanza: kutetemeka, homa ya kupita nyuzi 39, magoti kuvimba, na madoa ya rangi ya waridi hafifu kifuani na mapajani. Homa ikishuka, madoa nayo yanafutika. Kesho yake nikifika kwa daktari sina cha kumwonyesha.

Kilichonivusha ni daftari. Nilipima joto mara kadhaa kwa siku, nikaandika saa, nyuzi na kiungo kilichouma. Upele ukitokea, naupiga picha kwa simu, kipimajoto kikiwa pembeni. Daktari bingwa wa viungo alipofunua kurasa zile hakujali sana ukubwa wa homa. Alifuata mtiririko wake kwa kidole: inapanda mara moja kwa siku, karibu saa ileile, kisha inashuka hadi kawaida kabisa.

Akasema anashuku ugonjwa wa Still wa watu wazima, ambapo kinga ya mwili yenyewe huleta homa na kuvimbisha viungo. George Still, daktari Mwingereza, aliueleza kwa watoto mwaka 1897. Kwa watu wazima aliueleza Eric Bywaters mwaka 1971. Hakuna kipimo kimoja kinachouthibitisha, kwa hiyo kwanza yalitafutwa maambukizi, saratani za damu na magonjwa mengine ya kinga. Vipimo vya damu vya baridi yabisi vikatoka hasi. Mimi nilivunjika moyo. Daktari akaona ni hoja ya upande wake, maana katika ugonjwa wa Still kwa kawaida huwa hasi. Chembe nyeupe za damu zilikuwa zimepanda, na feritini, protini inayohifadhi madini ya chuma, ilikuwa juu kupita kiasi. (Ukisema hivyo watu wanakuuliza unakula nini. Haihusiani na chakula. Ni uvimbe wa ndani unaowashwa na kinga ndio unaoipandisha.)

Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, ilishusha homa upesi, ila ilinivimbisha uso na kuninyima usingizi. Dawa hii haiachwi ghafla ukishaizoea, kwa kuwa mwili unakuwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe inayofanana nayo. Ili iweze kupunguzwa kidogo kidogo, nikaongezewa methotrekseti, dawa ya kutuliza kinga. Hapa naomba usikilize vizuri: kwa ugonjwa wa viungo humezwa mara moja kwa wiki. Kuinywa kila siku kwa kupitiwa kunaweza kuua. Nilichagua siku, nikaiandika kwa kalamu nene juu ya boksi. Asidi ya foliki, vitamini ya kupunguza madhara yake, naimeza siku nyingine, na damu hupimwa mara kwa mara kuangalia ini na chembe. Nafuu yake ilikuja polepole, kwa wiki nyingi. Ikishindwa, kuna sindano kama anakinra na tocilizumab, zinazozuia ishara za kinga zinazowasha uvimbe.

Vifundo vya mikono ndivyo ninavyovihofia, maana ugonjwa huu unaweza kuvigandisha moja kwa moja. Kila asubuhi navikunja na kuvikunjua ndani ya maji ya vuguvugu. Homa ikigoma kushuka, au nikiona natokwa damu au michubuko bila sababu, sisubiri siku ya kliniki. Kinga ikichachamaa kupita kiasi, ini na chembe za damu huharibika haraka.

Sasa prednisoloni inapunguzwa kidogo kidogo. Punguzo la mwisho viungo vililikataa, tukarudi dozi moja nyuma.