Bei iliyoandikwa ubaoni

Mwezi wa nne wa 2009 baba mkubwa alifika Bukavu, mashariki mwa Kongo, kutoka kisiwa cha Idjwi na magunia mawili ya kahawa. Mvua iliwakuta katikati ya Ziwa Kivu. Shitingi aliifunikia magunia, yeye akalowa hadi mifupani. Nilikuwa na miaka 19, mwaka wa kwanza wa masomo ya uchumi, na baba akaniambia nimsindikize kwa mnunuzi kwa sababu najua hesabu.

Mnunuzi alizamisha mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akatoa punje chache, akatafuna moja. "Iko na unyevu, muzee. Na inanuka moshi." Kisha akataja bei. Baba mkubwa akauliza jana ilikuwa ngapi. Akajibiwa, "Jana ni jana."

Tuliokuwa foleni hatukujua aliyetutangulia kalipwa kiasi gani, maana kila mtu aliitwa ndani peke yake. Mzani ulitazama upande wa mwenye nyumba. Baba mkubwa alinigeukia, nami sikuwa na la kumwambia. Hesabu yangu ingeanzia wapi, kama kilo siioni na bei inatoka mdomoni mwa mtu mmoja? Akasema, "Tubebe, mwanangu." Tukamlipa tena mbebaji, magunia yakapanda nasi hadi nyumbani Kadutu, yakalala sebuleni.

Mibuni ile aliipanda babu. Baba mkubwa alikuwa akisimulia miaka ambayo kahawa ilisomesha watoto na kuezeka nyumba kwa mabati, kisha akafika 1989. Mwaka huo mapatano ya dunia yaliyokuwa yakigawa mafungu ya mauzo kwa kila nchi yalivunjika, bei ikaporomoka, naye akang'oa nusu ya shamba akapanda mihogo. Vita vilipokuja, iliyobaki aliiacha ikue yenyewe. Majirani zake wengi walikuwa wakivusha kahawa usiku kwa mitumbwi hadi ng'ambo ya Rwanda, na si wote waliorudi. Yeye alikataa. Alikwisha kumzika shemeji yake aliyeopolewa majini asubuhi baada ya dhoruba, na neno la kuvusha kahawa usiku hakutaka hata kulisikia.

Kesho yake mama alinituma kwa mama mdogo, aliyeolewa ng'ambo, Rwanda, kilima kimoja kupita mji wa Kamembe. Nilipewa kitenge na sambaza kavu, vile vidagaa vya ziwani, nimpelekee. Baba mkubwa akasema atakwenda nami, kuliko kukaa akiyatazama magunia. Tulivuka daraja la mto Ruzizi, mpakani, kwa miguu. Upande wa pili askari alituonyesha sasheti yetu ya plastiki, ambayo nchini mwao imepigwa marufuku, na tukahamishia sambaza kwenye mfuko wa karatasi tulioununua palepale.

Tulimkuta mama mdogo mlangoni, kikapu cha matunda ya kahawa kichwani. "Shemeji, karibu sana! Lakini nisamehe, hii haingoji. Ikilala imeharibika." Basi hatukukaa. Tuliteremka naye kuelekea ziwani, hadi kwenye kituo cha kuoshea kahawa.

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa ubao mweusi getini. Juu yake, kwa chaki, tarehe ya siku ile na bei ya kilo moja ya matunda mabivu. Baba mkubwa hakusoma sana shule, lakini tarakimu alizijua. Alisimama mbele ya ubao ule mpaka watu nyuma yetu wakaanza kutupita.

Ndani, mama mdogo alimwaga kikapu chake juu ya turubai, akachambua, mabichi akayaweka kando. Yaliyobaki yakatiwa majini. Yaliyoelea yakaenguliwa, yaliyozama yakaenda kwenye mzani. Mzani huo ulimtazama mkulima. Karani akaandika kitabuni, akachana karatasi, akampa: tarehe, kilo, bei, jumla. Baba mkubwa aliomba aishike.

Kijana mmoja, agronomu wa kituo, aliona jinsi mzee anavyotazama akaja kututembeza. Matunda yanamenywa siku ileile yalipochumwa, alisema. Punje zinachachuka kwenye tangi usiku kucha ule utelezi utoke, zinaoshwa kwenye mfereji wa saruji ambapo nzito hutengana na nyepesi, kisha zinaanikwa wiki mbili hivi juu ya meza za waya, zisiguse ardhi. Akina mama walikuwa wamesimama kando ya meza hizo, mikono ikienda kwa haraka, wakitoa punje iliyotobolewa na mdudu au iliyovunjika. Baba mkubwa alichota kiganja, akanusa, akanusa tena. "Hii ni kahawa yetu," alisema. Na ni kweli, mbegu ni ileile, aina ya Bourbon, ziwa ni lilelile, mwinuko karibu sawa. Yake ilimenywa kwa jiwe, ikachachuka ndani ya ndoo, ikakauka uani karibu na jiko. Moshi aliousema mnunuzi ulikuwemo, wala hakuonewa katika hilo.

Nilimuuliza agronomu kwa nini wahangaike hivi wakati kahawa ya kukaushia nyumbani nayo inauzwa. Jibu lake limenifaa kuliko kurasa nyingi nilizosoma chuoni. Nchi yetu ni ndogo, alisema, vilima tu kila upande, shamba la mtu ni kipande. Kwa wingi hatutaishinda Brazili hata siku moja. Na kila gunia linasafiri zaidi ya kilomita elfu kwa lori kabla halijaiona bahari, Mombasa au Dar es Salaam. Gunia la kahawa mbaya na gunia la kahawa nzuri yanalipa nauli moja. Sasa ukishalipa nauli hiyo, utabeba lipi?

Basi serikali yao ilikuwa imeliamua jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati vituo vya namna hii vilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Cha Maraba, kusini mwa nchi, kilianza 2001 kwa ushirika wa wakulima, wakiwemo wajane wa mauaji ya kimbari. Siku tuliyosimama pale, vituo vilikuwa vimepita mia moja. Mwaka uliotangulia, 2008, shindano la kimataifa la ubora wa kahawa, Cup of Excellence, lilikuwa limefanyika Rwanda, mara ya kwanza katika Afrika.

Sikutoka pale nikidhani nimeona paradiso. Jioni mama mkwe wa mama mdogo alitupa habari za zamani zake: jinsi Wabelgiji walivyolazimisha kila kaya kupanda mibuni, na jinsi hata baada ya uhuru mtu hakuruhusiwa kuing'oa wala kupanda maharage katikati yake, hata kama watoto walilala na njaa. Kwake, kahawa ilikuwa amri ya serikali kwa maisha yake yote. Ila sasa, alisema, amri inakuja na karatasi.

Mwezi wa tisa mwaka huohuo ripoti ya Benki ya Dunia ya Doing Business iliitaja Rwanda kuwa imeongoza duniani kwa mageuzi ya kurahisisha biashara, kutoka nafasi ya 143 hadi ya 67, na darasani tulibishana karibu kupigana. Wengine walisema ni utajiri wetu unaovushwa usiku unaowapandisha. Hasira hiyo ninayo na mimi. Kahawa ya Kivu iliyovuka kwa mitumbwi ilihesabiwa kwao. Lakini mkoa wetu wa Kivu Kusini peke yake inaizidi Rwanda yote kwa ukubwa mara mbili na zaidi, na kwetu hakuna aliyekuwa ametundika ubao wenye bei mahali mkulima anaweza kuuona kabla hajatua mzigo. Hilo halikuibwa na mtu.

Jumatatu tulirudi kwa mnunuzi yuleyule. Ada za watoto zilikuwa zinangoja Idjwi, na boti ilikuwa inaondoka saa nane. Bei ilikuwa imeshuka zaidi. Baba mkubwa hakubishana. Alimwomba tu ageuze mzani kidogo ili mtoto huyu aone, akanionyesha mimi. Mnunuzi akaugeuza. Nikasoma kilo kwa sauti, nikazidisha, nikataja jumla, na watu wa foleni mlangoni wakanyamaza kusikiliza.

Pesa zilipohesabiwa, mzee hakuondoka.

"Naomba karatasi."

"Karatasi ya nini, muzee?"

"Ya kilo, na bei, na siku ya leo."

Mnunuzi alitazama huku na huku, akachana kipande cha mfuko wa saruji, akaandika. Baba mkubwa alinipa nisome. Nikasoma. Akakunja kile kipande mara nne, akakitia ndani ya kofia yake, akaivaa, nasi tukateremka kuelekea botini.