Fundo la kanga ya mama

Leo asubuhi nimempeleka mama kliniki ya presha, hospitali ya serikali hapa Tanga. Daktari kampima vizuri, kaongea naye kwa upole.

Dirisha la dawa sasa: mbili hazipo, kanunueni nje.

Tukavuka barabara. Duka la mtu binafsi, dawa zote zipo.

Kwenye benchi wazee wawili wanabishana. Mmoja anasema tiba ni kazi ya serikali, ndiyo maana mwaka 1977 hospitali binafsi za biashara zilipigwa marufuku. Mwenzake: "Na 1991 zikaruhusiwa tena. Watu wangetibiwa wapi?"

Mama hata hakuwasikiliza. Alikuwa anafungua fundo kwenye pindo la kanga. Limekaza, na vidole vinatetemeka.

Noti za elfu mbili mbili, zimelowa jasho.

Nikatoa pesa, akanishika mkono. "Wewe una watoto, mwanangu." Akanunua za wiki mbili badala ya mwezi.

Sheria ya bima ya afya kwa wote tunayo tangu 2023. Mimi nataka dawa ziwepo dirishani pale, anayekwenda dukani aende kwa hiari yake.

Ndugu zangu, na huko kwenu mnanunua nje? Niambieni.