Ráth Chairn: Wahamiaji Ndani ya Nchi Yao

Kaunti ya Meath, ninakoishi hapa Ayalandi, ni nchi ya malisho mazuri na ya Kiingereza kitupu, isipokuwa katika vijiji viwili ambavyo waasisi wake walikuwa wahamiaji kama mimi, ingawa wao hawakuvuka mpaka wowote. Mwaka 1935 serikali, kupitia Tume ya Ardhi, ilizitoa familia 27 Connemara, pwani ya magharibi ambako mawe ni mengi kuliko udongo, ikazipa makazi Ráth Chairn, karibu na mji wa Athboy, kila moja ikipata nyumba na takribani ekari 22. Msomaji wa Kenya atakumbuka skimu za makazi za miaka ya 1960, na hata manung'uniko yanafanana, kwani wapo wenyeji wa Meath waliouliza kwa nini wageni wapewe ardhi kabla yao.

Shabaha ilikuwa kuwatoa watu katika ufukara na papo hapo kuieneza lugha ya Kiayalandi, ambayo wasemaji wake wengi walikufa au kukimbilia ng'ambo wakati wa njaa kuu ya 1845 hadi 1852. Mwaka 1937 kikafuata kijiji cha Baile Ghib, na tofauti ya vijiji hivi ndiyo inayonivutia zaidi. Watu wa Ráth Chairn walitoka eneo moja, wakaja na lahaja moja na ujirani uliokwisha kukomaa. Wa Baile Ghib walitoka kaunti mbalimbali, kila kundi na lahaja yake, na wengi wakaona wepesi kuelewana kwa Kiingereza. Hadi leo Kiayalandi kina nguvu zaidi Ráth Chairn. Hata hivyo, serikali iliyowahamisha haikuvitambua vijiji hivyo kuwa Gaeltacht, yaani eneo rasmi la Kiayalandi, hadi 1967, tena baada ya wakazi kudai. Kwangu mimi hiyo ilikuwa dharau.

Lugha hiyo utaisikia bila kuitafuta kando ya uwanja, ambako kocha huwafokea watoto kwa Kiayalandi warudi kulinda lango, kisha humgeukia mzazi mgeni na kumtajia saa ya mazoezi kwa Kiingereza. Mchezo wenyewe ni mpira wa Kigaeli, wachezaji 15 kila upande, mikono ikiruhusiwa: mpira ukiingia wavuni ni pointi 3, ukipita juu ya mtambaa panya ni 1, na tangu 2025 shuti linalopita juu hivyo likipigwa kutoka nje ya tao lililochorwa mita 40 kutoka golini huleta 2. Hakuna alipwaye mshahara, hata achezaye fainali Croke Park, uwanja mkuu wa michezo ya Kigaeli jijini Dublin, mbele ya watu zaidi ya 80,000. Jamii za Gaeltacht zina mashindano yao, Comórtas Peile na Gaeltachta, yaliyoanza 1969 huko Gaoth Dobhair, Donegal, na humo vijana wa Meath wanaweza kupangwa dhidi ya wajukuu wa wale waliobaki Connemara.