Hesabu ya tajiri

Mama yangu alikuwa anauza barafu nyumbani kwetu Tegeta. Barafu za ukwaju na ubuyu kwa watoto wa shule, na mifuko ya maji yaliyoganda kwa wachuuzi wa samaki waliokuwa wanatoka Kunduchi na ndoo zao. Friza ilikaa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, kwa sababu ndicho kitu cha thamani kuliko vyote tulivyokuwa navyo. Baba alikuwa dereva wa daladala, Tegeta kwenda Posta. Kwenye kazi hizo mbili nilijifunza mambo ya umeme wa nchi hii kabla sijafika chuo chochote.

Mwaka 2006 mvua ziligoma, bwawa la Mtera linalotegemewa kwa umeme likapungua maji mpaka ikawa habari ya kila siku redioni, na mgao wa umeme ukaanza. Kwetu umeme ulikatika asubuhi ukarudi giza likishaingia. Barafu ya ukwaju ikiyeyuka nusu kisha ikaganda tena, sukari na rangi vyote vinashuka chini ya mfuko, juu inabaki barafu nyeupe isiyo na ladha. Mtoto anafyonza mara mbili, anaitazama, anaigeuza, anarudi nayo mlangoni. Mama aliwarudishia shilingi 50 zao bila kubishana. Wachuuzi wa samaki hawakurudisha kitu. Waliacha tu kuja.

Kilichoniuma zaidi, na bado kinaniuma, ni kwamba mitambo ya IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme, ilikuwa huko huko Tegeta. Upepo ukitokea upande ule usiku, tuliisikia ikinguruma.

Mkataba wa IPTL kuiuzia umeme TANESCO, shirika la umeme la serikali, ulisainiwa mwaka 1995, baada ya ukame mwingine wa miaka ya mwanzo ya tisini. Kampuni ya Malaysia, Mechmar, ilishika asilimia 70, na mshirika wake wa hapa nyumbani, VIP, asilimia 30. Megawati 100, mitambo ya kuchoma mafuta mazito, miaka 20. Serikali ikaja kugundua kwamba injini zilizofungwa ni za aina ya bei nafuu kuliko zile zilizokuwa kwenye mkataba, kesi ikapelekwa kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2001 gharama zikapunguzwa. Kwa hiyo umeme uliotafutwa kwa dharura ya ukame ulianza kuuzwa Januari 2002, karibu miaka saba baada ya saini.

Lakini muda si kitu ukilinganisha na namna ya kulipa. TANESCO ilitakiwa kulipa zaidi ya dola milioni 2 kila mwezi kwa sababu tu mitambo ipo na inaweza kuwaka. Iwake isiwake. Na ikiwaka, mafuta yananunuliwa na TANESCO hiyo hiyo. Kuna vipindi baadaye mitambo ilisimama kwa kukosa fedha za mafuta, huku deni la kuwepo kwake linahesabiwa.

Nilipomsomea baba jambo hili gazetini, hakuhitaji maelezo. Alisema, "Hiyo ni hesabu." Kwa asiyejua daladala: dereva ana hesabu, kiasi kilichopangwa cha fedha, ya kumpelekea tajiri, yaani mwenye gari, kila jioni. Mvua ikinyesha, abiria wasitoke, trafiki akikushika, hesabu iko pale pale, na mafuta unaweka mwenyewe. Kinachobaki ndicho chako na konda. Baba alikuwa na siku alizorudi nyumbani mikono mitupu baada ya kuendesha tangu saa kumi na moja alfajiri. "Sasa hapa dereva ni shirika," akasema, "na konda ni sisi tunaolipia umeme kwa LUKU."

Tangu siku hiyo sijapata maelezo bora zaidi ya hayo.

Watu huniambia Tanzania haikubinafsisha umeme kwa hiyo hakuna cha kulaumu. Ni kweli nguzo na nyaya hazikuuzwa. TANESCO iliwekwa kwenye orodha ya mashirika ya kubinafsishwa mwaka 1997 na ikaondolewa mwaka 2005. Katikati hapo, mwaka 2002, uendeshaji ulikabidhiwa NETGroup Solutions ya Afrika Kusini. Wafanyakazi walipinga, na mameneja wapya wakaingia makao makuu kwa ulinzi wa polisi. Lazima niseme haki: walikusanya madeni kweli. Walikata umeme mpaka kwenye ofisi za serikali zilizozoea kutolipa, na mapato yakapanda. Shirika la umma lilikuwa na uzembe wake, sitaki kuuficha. Ila kukusanya ankara hakuongezi maji Mtera wala hakujengi mtambo. Mkataba wao uliisha mwishoni mwa 2006, mwaka ule ule wa barafu nyeupe.

Na ndani ya mwaka huo, Juni, ikaja kampuni ya Richmond na mkataba wa kuzalisha umeme. Dharura tena, megawati 100 tena. Kampuni ikashindwa kuleta mitambo kwa wakati, mkataba ukahamia kampuni nyingine, Dowans, na hesabu safari hii ikawa shilingi milioni 152 kwa siku. Kwa siku! Februari 2008 kamati ya Bunge ya Dk. Mwakyembe, iliyochunguza mkataba huo, iliposoma ripoti yake bungeni, baba alipaki gari akaenda kusikiliza kijiweni, siku nzima ya kazi ikapotea, na hakujuta. Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu. Watu walishangilia barabarani. Mimi nilikuwa nafikiria friza.

Mama alishaiuza. Mwanzoni alijaribu kijenereta cha Kichina, akagundua petroli ya siku moja inakula faida ya siku tatu. Mnunuzi alikuja na mkokoteni, akaifungua mlango, akainusa ndani, akapunguza bei. Kile kitambaa cha kufuma mama alibaki nacho.

Halafu 2014 jina la mtaa wetu likaenda dunia nzima: akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizokuwa zimewekwa Benki Kuu kwa sababu ya ubishi kuhusu hesabu hiyo hiyo ya IPTL, zilikuwa zimetolewa. Mawaziri wakaondoka tena. Neno "mgao" likapata maana ya pili, kugawana fedha hizo, na kwetu Tegeta tulikuwa bado tumeshikilia ile ya kwanza.

Leo tuna Bwawa la Julius Nyerere, mashine 9, megawati 2,115, lililojengwa kwa fedha za serikali, na habari za kuvutia wawekezaji binafsi kwenye umeme zimerudi kwa nguvu. Baba amestaafu usukani, macho yanamsumbua, mimi ndiye namsomea. Kila nikimsomea habari ya mkataba mpya ananikatiza kabla sijamaliza aya ya kwanza. Anauliza mambo mawili tu: gari likilala gereji hesabu inasimama au inaendelea, na mafuta anaweka nani. Nimepitia gazeti zima mara nyingi nikimtafutia majibu. Hayamo.