Eti tumbo langu ni hasira

Sendofu imeisha salama, bi harusi kaondoka na treni, bati la jiko la nje liling'olewa na upepo na limesharudishwa, na mimi pamoja na yote hayo kichwani nina maneno ya wifi mkubwa tu.

Tulikuwa tunakaanga migebuka ya wageni, mtu akanipa kachumbari nikakataa kwa sababu ya pilipili, nikasema tumbo, si mnajua vile vidonda vyangu vya tumbo. Wifi hata hakuinua kichwa. "Vidonda gani wifi, hasira zako hizo. Mbona kaka yangu haumwi? Mtu mpole haugui ovyo." Wakacheka. Mimi nikasema "haya wifi" nikageuza samaki.

Haya wifi! Tangu siku hiyo nikiwa naosha vyombo namjibu, nikiwa kwenye bajaji kutoka Mwanga, hapa Kigoma, namjibu, usiku wa manane namjibu tena, na kila mara ananirudishia lile lile, mbona kaka yangu haumwi.

Kinachoniuma ni kwamba mimi nilipimwa jamani. Walikuta bakteria, H. pylori, nikapewa antibaotiki mbili na dawa ya kupunguza asidi, dozi ndefu yenye uchungu mdomoni mpaka chai ikawa haina ladha. Zamani hata madaktari wenyewe walikuwa wanasema kama wifi, vidonda ni mawazo na ukali wa mtu, mpaka Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, wakaonyesha kuanzia 1982 kwamba kuna mdudu. Hawakuaminiwa, Marshall mwaka 1984 akawanywa hao bakteria mwenyewe na ukuta wa ndani wa tumbo ukamvimba, 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Kingine kinacholeta vidonda ni dawa za maumivu, hizi diklofenaki tunazomeza kama karanga. Stresi inaweza kuzidisha maumivu, hilo sikatai, lakini hasira haizai bakteria.

Nikazama kusoma, bando lote likaishia hapo. Kumbe hii habari ya tabia na ugonjwa ina historia yake. Madaktari wawili wa moyo wa San Francisco, Meyer Friedman na Ray Rosenman, miaka ya 50 walisema kuna watu wa aina A, wenye haraka, wanaopenda kushindana, wepesi wa hasira, na kwamba hao ndio wanaougua moyo. Waliwafuatilia wanaume zaidi ya 3,000 kwa miaka kama minane na nusu, wa aina A wakaugua karibu mara mbili ya wenzao. Dunia nzima ikaimba. Halafu 1988 wengine wakarudi kwenye wanaume wale wale, wakakuta kati ya waliokwisha kuugua, wa aina A ndio walioishi zaidi! Na baadaye nyaraka zikaonyesha kampuni za sigara zilikuwa zinachangia pesa kwenye huo utafiti wa aina A, maana lawama ikienda kwenye tabia ya mtu sigara inapumua. Hapo niliweka simu chini nikatembea uani. Mgonjwa analaumiwa roho yake, na kilichomuumiza kinapita pembeni. Kwenye aina A kilichobaki na uzito kidogo ni ule uadui, kumchukia na kumshuku kila mtu, na mimi sina hiyo, mimi nasema yangu yanaisha.

Nikawa tayari kumpigia wifi simu, nimejiandaa kabisa, ndipo lile swali lake likanigeukia. Mbona kaka yangu haumwi. Nani kampima?

Baba watoto tangu aingie deni la injini ya boti hasemi kitu. Ukimuuliza anasema "haina shida", usiku nageuka namkuta macho wazi. Na kuna mtaalamu wa saikolojia wa Ubelgiji, Johan Denollet, 1996 aliandika kuhusu wagonjwa wa moyo wenye wasiwasi mwingi wanaoufungia ndani wasimwambie mtu, akawaita aina D, akakuta wanakufa zaidi. Tafiti nyingine baadaye hazikukuta hivyo, kwa hiyo simpi mume wangu herufi. Ila presha haina kelele, unaweza kutembea na 160 juu ya 100 huku unachonga mbao Kibirizi na watu wanakusifu upole.

Hasira kwa wifi zikaniisha hapo hapo, nikabaki na woga. Nikamwambia baba watoto Jumatatu tunaenda wote kupima. Akasema haina shida. Nikamwambia najua, tunaenda. Akanyamaza muda, halafu akasema kichwa kinamgonga asubuhi, kinamgonga siku nyingi. Miaka yote hii ndiyo mara ya kwanza nasikia.

Jumatatu basi. Ila choo cha mama kule Ujiji nacho ukuta umeinama na mvua bado zinapiga, fundi alichukua hela ya saruji Ijumaa na simu yake haipatikani.