Kadi ya planingi ndani ya ndoo ya unga

Tangu wiki iliyopita niko nachunga kadi ya planingi, ile ya kupanga uzazi, ya mama mwengine. Ni yaya mmoja, dada mukubwa wa hapa kwetu Kadutu, aliileta usiku ndani ya kitenge akasema mudogo wangu nifichie hii, bwana akiiona atanipiga tena. Tena, njo neno lenye lilinikata usingizi. Mimba yake ya tatu ilitoka na miezi tano kisha kupigwa mateke ya tumbo, na kwa familia walisema tu ni kulogwa. Amekubali niandike, bila jina.

Sisi ba Bukavu tukisikia jeuri juu ya bamama akili inakimbia kwa watu wa bunduki, na si uongo, Dokta Mukwege, munganga wa bamama, alifungua hospitali ya Panzi 1999 akiwaza bamama wazalie mahali pazuri, mugonjwa wa kwanza akawa mama mwenye alibakwa. Lakini ya ndani ya nyumba nani anaihesabu? Bwana anakataa kondomu, analeta ugonjwa wa zinaa, bibi anaogopa hata kuomba feza ya dawa, ugonjwa unapanda mpaka unaziba mirija ya uzazi, kisha miaka mbili ni yule yule bibi banaita tasa na kurudisha kwao!! Hii inaniuma sana. Na mwenye mimba akipigwa, mtoto anaweza kutoka mbele ya siku, ama azaliwe kilo hazifike.

Mwenye kubakwa, nakuomba dada, usikae ndani ukilia peke yako juu ya haya. Dawa ya kukinga SIDA inataka uianze mbele ya masaa 72 yaishe, na unaimeza siku 28. Ile ya kuzuia mimba inaweza kusaidia mpaka siku tano ila kila saa inapita inapunguza nguvu, basi kimbia. Ukiweza usioge kwanza, na nguo usifue. Na hata kama siku zimepita nenda tu, kuko matibabu ya magonjwa ya zinaa, kuko chanjo ya hepatiti B, na mwenye mkojo unavuja bila kujizuia, fistula hiyo, madaktari wanaishona. Mimba ikishaingia pia, Protokole ya Maputo, mapatano ya Afrika juu ya haki za bamama, yenye Kongo iliitangaza kwa Jurnali Ofisiele, gazeti la serikali, 2018 inaruhusu daktari aitoe kama ilitokana na kubakwa. Bamama wengi hawajaambiwa hiyo, banaenda kunywa miti kwa kificho na banakufa.

Yaya wangu alichagua sindano ya miezi tatu juu haionekane, vidonge bwana alivitupaka kwa choo. Siku yake ni siku ya nne ijayo. Tutatoka na vitunga kama watu wa soko, sombe tutanunua kweli, na kadi itakuwa kwangu.