Salio lilelile

Jana usiku mimi na mdogo wangu wa kike tulikuwa tunaangalia salio zetu kwenye simu. Tofauti ilikuwa ndogo mno. Yeye akashusha pumzi: "Afadhali, mwezi huu tumevuka." Mimi moyo ulikuwa unanidunda, naona shimo tu.

Tumelelewa nyumba moja. Lakini baba alipoachishwa kazi, mimi nilikuwa nimeshapata akili, yeye bado anatambaa. Nilimsikia baba akimwambia mama pale mlangoni, viatu bado mguuni: "Pesa ni mgeni, haikai." Kauli ile sijaitua hadi leo. Mshahara ukiingia tu, naanza kuuaga.

Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba kupoteza kunatuuma kuliko kupata kiasi hichohicho kunavyotufurahisha. Kujua hivyo kulinipa nafuu, kweli kabisa. Ila saa nane usiku nilifungua tena programu ya benki kuhakikisha tarakimu hazijabadilika. Hazikuwa zimebadilika.

Asubuhi nimempigia, nikamsimulia habari ya pale mlangoni. Akanyamaza kitambo, kisha: "Dada, mbona hukuniambia miaka yote hii?"